Kiraka Mgongoni mwa Wifi

Mimi sina kijicho, tuelewane mapema. Mwenye kijicho huumia kwa sababu jirani kajenga, mtoto wa fulani kafaulu, yule kanunua gari. Hayo hayanihusu, kila mtu na riziki yake. Mimi nina wivu, na wivu ni wa mtu mwenye chake. Nina mume, na mume huyo nilikuwa namgawana na wawili: mlima, na Wifi.

Wifi si wifi wa damu. Ni mwongoza wageni mlimani kama mume wangu, na walianza pamoja wakiwa vijana, wakibeba mizigo ya wageni kichwani kabla hawajapata beji. Siku ya kwanza mume wangu aliponileta katika nyumba hii, nikiwa bado mchumba, nilimkuta huyo mwanamke jikoni kavua buti, anakunywa chai kwa kikombe ambacho baadaye nilikuja kujua ni cha mume wangu. Nikauliza, huyu nani? Nikaambiwa mchukulie kama wifi yako. Nikamchukulia. Na mawifi mnawajua.

Kazini mume wangu wanamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno analowaimbia wageni toka getini mpaka juu. Na nyumbani yuko vilevile. Ukimwuliza jambo kabla ya chai, jibu utalipata chai ikiisha, ukibahatika. Lakini akikaa na Wifi ulimi unamfunguka. Wanaongea mawe, jamani. Jiwe fulani limehama, kijito fulani kimebadilisha njia, upepo wa upande ule mwaka huu umewahi. Mmoja anaanza, mwingine anamalizia, na mimi nimesimama na birika nangoja mtu akumbuke kuniambia asante. Niliolewa nikijua kabisa kwamba mlima ndiye bi mkubwa, mimi mke mdogo. Hilo nililikubali. Ila sikuambiwa kwamba bi mkubwa ana shoga yake, na huyo shoga atakuwa anakula kwangu.

Msinielewe vibaya. Ya chumbani sikuwahi kuwafikiria hata siku moja, na ingekuwa hayo ningeshukuru. Hawara ana mlango. Unakwenda, unabisha, mnatukanana, mtaa unasikia, mambo yanakwisha. Lakini mtu anayependa kitu kimoja na mumeo, kitu ambacho wewe hukipendi na hutakipenda hata ulipwe, huyo unambishia wapi? Mimi nikipanda juu ya stuli kubadilisha taa, kichwa kinazunguka. Mlima nimeutazama kwa dirisha la jikoni miaka yote hiyo, na sijawahi kuona ilipo raha yake.

Kazi yangu ni ushonaji, na si wa magauni. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, nimekigeuza karakana. Nashona mahema, mabegi ya mgongoni, mifuko ya kulalia, chochote kilichopanda kikiwa kizima kikarudi kimechanika. Cherehani yangu ni ya chuma, ya kushonea turubai, na ikinguruma jirani wa ukuta wa pili anaongeza redio. Chumba kizima kinanuka hema lililokunjwa likiwa bichi. Zipu ikigoma naisugua kipande cha mshumaa inakwenda. Watu wa mlimani wote wanapita kwangu, na wote wananiita Fundi.

Sasa asubuhi moja Wifi akaingia na koti lake la mvua, lile la kijani. Alitaka nimshonee kitambaa cha rangi ya machungwa mgongoni, kikubwa, toka bega hadi bega. Nikamwuliza anataka aonwe na nani, ndege? Akacheka kidogo, akasema wageni wa siku hizi wanapotea kwenye ukungu. Nikamwambia hata wa zamani walikuwa wanapotea, na hukuja hapa kutaka bendera. Akakipapasa kile kitambaa nilichomtolea, akauliza kama sina kinachowaka zaidi. Nikachimba kwenye masalio nikampa kipande cha hema la waokoaji, rangi yake ukiitazama juani machozi yanakutoka. Akasema hichohicho.

Nikakishona, na nilikishona vizuri, mshono mara mbili na kona nikazikaza. Wivu wangu haujawahi kuingia kwenye uzi. Akashukuru, akavaa koti lake, akatoka kwenda mtaani anawaka mgongo mzima. Niliwaza tu kwamba uzee umeanza kumchezea.

Siku zilezile nyumbani kwangu kulikuwa na jambo jingine, na sikuyaunganisha. Mume wangu aliacha kuniangalia. Sisemi alinichoka, kuchokana kupo. Nasema macho yake hayakuwa yanatua usoni kwangu. Nikiongea naye alikuwa anatazama sikio langu, au kitu kilicho nyuma ya bega langu, kichwa kakiinamisha upande. Nilisuka nywele, hakusema kitu. Nikanunua kitenge cha zambarau, nikakivaa mchana kweupe nikapita mbele yake mara mbili na sinia, akaniuliza kama mvua imeanza kunyesha. Barabarani alianza kuwapita watu bila salamu, yeye ambaye mtaa mzima ulikuwa unamsifu kwa adabu. Nikapiga mahesabu ya mke yeyote mwenye akili zake: mwanamume asiyekutazama usoni ana analolificha. Akufukuzaye hakuambii toka.

Moto ukachochewa zaidi na mpishi wa kambi. Huyu ni bwana mmoja mnene, mcheshi, ambaye huwapikia wageni huko juu na hawezi kukaa na neno tumboni. Alileta begi lililotoboka, akakaa kwenye benchi langu kungoja, na katika kunipigia soga akasema kwamba siku hizi mlimani mambo yamegeuka. Zamani Taratibu alikuwa anatangulia, na Wifi anafunga mkia. Ndivyo walivyotembea maisha yao yote, kila mwongozaji analijua hilo. Sasa Wifi ndiye anatangulia, na Taratibu yuko nyuma yake hatua moja tu, wageni wanafuata. "Na haondoi macho mgongoni mwa mwenzake, Fundi," akaniambia anacheka. "Hata umwite hageuki. Sisi tunamtania kwamba keshapata picha yake ya kutazama."

Sindano ikanichoma kidole. Mpishi akashtuka, akasema nisamehe, nilikuwa natania tu. Nikamwambia begi lake liko tayari.

Nilikaa na kile kidole mdomoni nikijiona mjinga. Macho ambayo kwangu hayatui, kumbe yanatua mahali. Yanatua kwenye kitambaa ambacho nimekishona mwenyewe, nikakaza na kona. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi kilichoniletea msemo huo ni cherehani yangu. Nikasema safari hii siulizi mtu. Mwenye macho haambiwi tazama, nitakwenda kutazama.

Siku waliyokuwa washuke nilifunga karakana, nikavaa kile kitenge cha zambarau kusudi, nikaenda mpaka getini. Askari wa geti alinifahamu kwa sababu nimemshonea hema, akaniruhusu nipande mpaka kibanda cha kwanza. Sitaki kuisimulia ile njia. Kibanda hakiko mbali, watoto wa shule hukifikia wakiimba, lakini mimi nilikwenda nimeshika miti kama mlevi, nikijiapiza kila nikiteleza. Nilipofika sikukaa kwenye benchi la wageni. Nilisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, ili wanione vizuri wakitokea.

Nikawasikia kabla sijawaona. Ilikuwa sauti ya Wifi, kubwa, haipumziki. Mzizi. Jiwe linaloteleza, kushoto. Hatua ndefu hapa. Ngazi, ngazi, imekwisha. Utadhani anawafundisha wageni, lakini wageni walikuwa mbali huko nyuma, wanapiga picha na mpishi. Kisha akatokea kwenye kona, na mume wangu nyuma yake kamganda, kichwa kakiinamisha upande vilevile kama anavyoniangalia mimi, mkono mmoja mbele kidogo, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Wifi aliponiona akanyamaza katikati ya neno, akajikuta amesimama pembeni. Mume wangu akaendelea. Akanijia moja kwa moja, mpaka nikaona jasho kwenye ndevu zake. Akatabasamu kile kitabasamu chake cha kazini.

"Habari za kupanda, mama," akaniambia. "Usihofu, njia ni salama. Taratibu tu."

Kisha akanipisha kwa adabu, akataka kupita.

Nimeishi na mtu huyu. Nimemzalia watoto, wameshakua na wana nyumba zao. Najua anavyokohoa akitaka kusema uongo. Na alisimama mbele yangu, mchana, karibu kiasi cha kunigusa, akanisalimia kama mama mpita njia.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti aliijua. Uso wake ulibadilika, akanyoosha mkono, akanigusa begani, akashuka mpaka kwenye mkunjo wa kitenge akakishika. Akaniita mama watoto, akaniuliza nimefikaje huku. Wageni walikuwa wanakuja, Wifi akawaambia watangulie getini na mpishi, na mpishi safari hii hakutania. Tukabaki watatu. Mume wangu akapapasa jiwe, akakaa.

Nikamgeukia Wifi, nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka jana.

"Na kwa daktari wa macho alikwenda na nani?"

"Na mimi."

Akanieleza, au alijaribu. Kwamba daktari alisema katikati ya jicho ndipo panapokufa, pembeni panabaki kidogo. Dawa ya kurudisha hakuna. Ndiyo maana anatazama kwa upande, anatafuta pale palipobaki pazima. Rangi kali bado anaiona, ndiyo maana ya kile kitambaa. Na yote hayo alikuwa ananieleza mimi habari za mume wangu mwenyewe, polepole, kama mtu anayempokea mgeni nyumbani kwake.

Sasa ningekuwa mwanamke wa hadithi, hapo ndipo wivu ungeniisha nikalia kwa huruma. Haukuisha. Ulipanda. Bora ningewakuta wamekumbatiana. Mtu akiumwa, wa kwanza kuambiwa ni nani? Nilimwuliza mume wangu hilo, na niliuliza kwa sauti ambayo nadhani hata kule getini waliisikia.

Akajibu bila kukohoa.

"Ningekuambia wewe, ningekuwa kipofu siku ileile. Kwake nilikuwa bado mwongozaji."

"Ningekukalisha nyumbani."

"Ndiyo. Ungenikalisha."

"Na hao wageni je? Wana mama zao."

Hapo wote wawili wakainamisha vichwa. Wifi akasema alikuwa anatangulia kila mara, kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuwa mkononi mwa Taratibu peke yake. Nikamwambia asubuhi nakwenda ofisini kwa msimamizi wa waongozaji, nitasema yote, na kila mtu atajua mwaka mzima alikuwa anamkokota mume wa mtu mlimani kama mbuzi wa kamba. Nilitaka anibembeleze. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumkatalia. Akasema tu, fanya unavyoona ni sawa. Hata hilo likaniudhi.

Asubuhi nikaenda. Ofisi ya waongozaji ni chumba kirefu chenye mabenchi, na ukutani kuna ubao wa misumari, kila mwongozaji na msumari wake. Akiwa mjini beji yake inaning'inia hapo, akipanda anaichukua. Ukiingia unatupia jicho ubaoni unajua nani yuko juu. Msimamizi, mzee mmoja aliyekuwa mpandaji kabla goti halijamsaliti, alikuwa anafuta miwani. Nikakaa, nikajikohoza, nikaanza na salamu ndefu ili nipate nguvu.

Hakuningoja nimalize. Akafungua saraka ya meza, akaweka beji mbili mbele yangu, moja ya mume wangu, moja ya Wifi. Akasema mwenzake Taratibu alifika mapema, kabla hata ofisi haijafagiliwa. Amesema macho ya Taratibu hayafai tena, na kosa la kuficha ni lake yeye, si la Taratibu. Na beji yake mwenyewe akairudisha palepale. Msimamizi alimwambia yeye bado mzima, anaweza kusimamishwa kwa muda tu kwa adhabu, kisha akapewa mwenza mwingine. Akakataa. Alisema hajui kutembea na mtu mwingine nyuma yake.

Nikatazama ubaoni. Misumari yao ilikuwa ubavu kwa ubavu, mitupu, na safari hii haikumaanisha wako juu.

Jamani, hata hili kanitangulia. Nilikuwa na jambo moja la kumfanyia mume wangu kama mke, jambo chungu, lakini langu, la kumshusha mlimani ili asife. Akaamka mapema akaliwahi. Na akajishusha na yeye, ili nisiwe hata na wa kumlaumu. Msimamizi akaniuliza nilikuwa nimekuja na shida gani. Nikamwambia nilikuwa napita tu.

Basi mume wangu akakaa nyumbani. Nilichokuwa nakiomba toka nilipoolewa nikakipata, kizima, asubuhi mpaka jioni. Wifi hakukanyaga kwangu, nikasikia amekwenda kwa dada yake kumsaidia duka. Nilimfundisha mume wangu nyumba upya: ngazi ya mlango wa nyuma, birika upande gani, kikombe upande gani. Nikampa kazi ya kukunja mahema, maana mikono yake ilikuwa inaona vizuri kuliko ya wengi. Mchana tulikula wawili. Hakuna aliyeongea mawe.

Ila kila asubuhi alikuwa anajipeleka jikoni mwenyewe, anakaa kwenye dirisha linalotazama mlima, anaegemeza kichwa karibu na kioo. Weupe kwake ulikuwa weupe tu, wingu na theluji macho yake hayawezi tena kuvitofautisha. Ndipo ananiuliza.

"Mama watoto, leo mlima uko wazi?"

Mara ya kwanza nilitazama. Ulikuwa wazi, umejaa dirisha zima, unajionyesha. Nikauona hasa kama mwanamke aliyekuja kusimama nyuma ya uzio wangu akijua mume wangu yuko ndani.

"Umefunikwa," nikasema.

"Haya," akasema, akanywa chai yake na kitabasamu kidogo.

Na kesho yake nikasema umefunikwa, na keshokutwa. Kiangazi kikaingia, mbingu ikakauka, majani ya uani yakawa ya kusagika, na kwangu mlima ukabaki na mawingu. Sikuona aibu. Miaka yote hiyo mlima ulikuwa unanifunika mimi, nao ufunikwe kidogo tuone. Akisema mwaka huu una mawingu ya ajabu, nasema dunia imeharibika. Anatabasamu, anakunywa chai.

Kumbe alimtuma yule mpishi kwa Wifi, amwambie aje hata siku moja. Nikashtukia hodi mlangoni, asubuhi, nikiwa na birika mkononi. Nilikuwa sijawahi kumwona Wifi na gauni. Bila buti alikuwa mfupi, na anatembea kwa uangalifu kama sakafu ya watu inaweza kumtelezesha. Nikamkaribisha, ndiyo, mimi si mshenzi. Akakaa ukingoni mwa kiti, akilipa mgongo dirisha. Nikaelewa kwamba na yeye alikuwa hautazami mlima, toka siku ile.

Mume wangu alifurahi mpaka akamwaga chai. Waliulizana hali, ya dada, ya duka. Kisha akasema, "Mwenzangu, afadhali umekuja. Fundi ananiambia mlima umefunikwa toka kiangazi kianze. Hebu nitazamie wewe."

Nikasimama pale na birika. Wifi akageuka, taratibu, kama anayegeuzwa na mtu. Mlima ulikuwa wazi wote, toka msituni mpaka kileleni, hauna hata uzi wa wingu. Akautazama muda mrefu. Halafu akanitazama mimi. Sikuwa na uso wa kuficha, akasoma yote.

"Umefunikwa," akasema. "Wote."

Huyo mtu alimtajia mume wangu kila mzizi na kila jiwe, mwaka mzima, hakumwambia uongo wa hata hatua moja. Na uongo wake wa kwanza akanipa mimi, zawadi, ndani ya jikoni yangu. Nikangoja nifurahi.

Lakini nilikuwa namtazama mume wangu. Kile kitabasamu cha kila asubuhi hakikuja. Akainua mkono, akabandika kiganja kwenye kioo cha dirisha, akakiacha pale, kisha akakitoa akakisugua kwenye suruali.

"Basi hata baridi ya kioo siku hizi inanidanganya," akasema. "Asubuhi zote hizi nilikuwa na hakika kwamba uko wazi."

Hapo ndipo nilipojua. Mimi hakuniamini hata siku moja. Kiangazi kizima alikuwa ananisikia nikidanganya, ananiachia, anakunywa chai. Lakini neno la Wifi, neno moja, aliliamini kuliko ngozi yake mwenyewe. Sijawahi kuumwa na wivu kama dakika ile, na nimeumwa nao sana. Na palepale nikaona jinsi ilivyo rahisi. Wifi asingesema kitu mpaka kaburini. Nikimimina chai tu, nikinyamaza tu, mlima umekufa humu ndani leo hii, na mimi nimebaki mke peke yangu. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anavitazama kwa pembe ya jicho viganja ambavyo sasa havimwambii kitu.

"Uko wazi," nikasema. "Wote. Amesema hivyo kwa ajili yangu mimi. Nimekudanganya kiangazi chote."

Hakunilaumu. Wifi akaanza kusimama aondoke, nikamwambia kaa. Mume wangu akageuza sikio. Nilitegemea aligeuze kwa Wifi, akaligeuza kwangu.

"Haya, nisomee," akasema.

Nikasogea dirishani. Sikujua pa kuanzia, maana mlima sina maneno yake, nina ya karakana. Nikamwambia juu kabisa kuna weupe, na ule weupe chini umeishia ovyo kama pindo lililoshonwa na mlevi. Akacheka, akasema endelea. Nikamwambia chini ya pindo kuna jiwe jeusi, na upande wa kushoto wa jiwe kuna mkunjo mrefu unaoshuka, una kivuli ndani yake.

Wote wawili wakataja jina lake kwa pamoja, kwa sauti moja, na mimi jina hilo sikuwahi kulisikia. Wivu ukanipanda mpaka kooni. Nikameza, nikaendelea kushoto.